Jewish Family Service ni kitu gani, na kwa nini Mkongomani anaweza kujikuta anahudumiwa huko

Watu wetu wengi walioko Marekani washaliona hili jina, Jewish Family Service, mahali pengine linaandikwa Jewish Family and Children's Service, liko kwenye barua, kwenye kibao cha ofisi, au kwenye gari linalopelekea wazee chakula, na swali linalofuata huwa lilelile: mimi siyo Myahudi, hawa wananitafutia nini? Ngoja nieleze taratibu maana ni jambo ambalo ukilielewa unaweza kusaidika, au ukamsaidia jirani.

Kwa ufupi ni shirika la ustawi wa jamii lisilo la serikali, lililoanzishwa na Wayahudi wa mji fulani ili familia zao zikikwama ziwe na pa kukimbilia. Na kukwama ni kwa aina yoyote ile, ndoa imeingia mdudu, mtoto hataki shule, mzee kabaki peke yake na hawezi tena kujipikia, baba kaachishwa kazi, mama anapigwa, kijana kazama kwenye ulevi. Kwa Tanzania ukifikiria ofisi ya Ustawi wa Jamii wilayani utakua umekaribia, tofauti ni kwamba hii inaendeshwa na jamii yenyewe kwa michango yake, ikijazia na ruzuku na ada kidogo za wateja. Ndani kuna maafisa ustawi waliosomea na wenye leseni, wanasaikolojia, manesi, na watu wengi wa kujitolea. Siyo sinagogi, na anayekuhudumia siyo rabi, na wengine wanaofanya kazi humo wala siyo Wayahudi. Kila mji una la kwake linalojitegemea, ukijumlisha Marekani na Kanada yako zaidi ya mia. Uingereza kazi kama hizo zinafanywa na mashirika kama Jewish Care na Norwood.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Tangu enzi za Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Wayahudi, yaani kama miaka 1800 iliyopita, mji wa Wayahudi ulitakiwa uwe na mfuko wa maskini, na utaratibu wake ulikua hivi: pesa wanakusanya watu wasiopungua wawili, ila kugawa wanagawa watatu. Wawili ili pasiwe na mtu mmoja wa kusingiziwa au wa kujisahau na hela ya watu. Watatu kwa sababu kuamua nani apewe na apewe kiasi gani ni sawa na kukata kesi, na mahakama yao ya mambo ya mali ina waamuzi watatu. Mimi hiyo huwa inanigusa sana, kwamba maskini kapewa heshima ya kusikilizwa shida yake kama kesi kamili, siyo mtu mmoja mwenye hela anajiamulia kwa jinsi alivyoamka.

Alafu karne ya 12 akaja Musa bin Maimun, yule tabibu na mwanasheria mkubwa aliyezaliwa Kordoba akafia Misri mwaka 1204, Wazungu wanamwita Maimonides. Yeye aliupanga utoaji kwenye ngazi 8, na ngazi ya juu kabisa siyo kumpa mtu hela nyingi, ni kumdaka kabla hajafika chini, umkopeshe, uingie naye ubia, umtafutie kazi, ili asifikie mahali pa kunyoosha mkono. Fikra hiyo ndiyo ilizaa vyama vya kukopesha bila riba, cha New York kinaitwa Hebrew Free Loan Society, kilianza 1892 na mpaka leo kinakopesha bila riba.

Marekani kwenyewe mambo yalianza na sharti. Mwaka 1654 Wayahudi kama 23 walishuka New Amsterdam, ndiyo New York ya leo, wakitokea Brazil baada ya Wareno kuuchukua tena mji wa Recife kutoka kwa Waholanzi. Gavana Peter Stuyvesant hakuwataka kabisa. Mwaka uliofuata kampuni ya Kiholanzi iliyokua na koloni hilo ikamwambia awaache wakae, ila maskini wao wasije wakawa mzigo kwa kampuni wala kwa wengine, wahudumiwe na watu wao wenyewe. Kwahiyo kusaidiana kulikua mila na dini, na juu yake kukawekwa kama masharti ya kuruhusiwa kuishi. Ndo maana miji mingi ya Marekani utakuta chama cha misaada cha Wayahudi kilizaliwa mapema sana, Los Angeles mwaka 1854, Chicago mwaka 1859, na huko London Bodi ya Walezi wa maskini wa Kiyahudi nayo ilianza 1859.

Kilichowafundisha kwamba hela peke yake haitibu familia ni wimbi la wahamiaji kutoka dola ya Urusi, kuanzia miaka ya 1880. Wanaume walitangulia, wake wakafuata, watu wakabanana kwenye vyumba vya kupanga New York, kazi za cherehani za kutwa nzima, na wanaume wengine ikawashinda. Mtu anaaga kwamba anaenda kutafuta kazi mji mwingine, harudi. Mwaka 1911 ikaanzishwa ofisi maalum ya kuwasaka, National Desertion Bureau, na gazeti la Forverts lililokua linatoka kwa Kiyidi, lugha ya wahamiaji hao, likawa linachapa picha zao, sura zimepangwa mstari kwa mstari, jina, umri, ametokea wapi, ameacha watoto wangapi, anayemjua atoe taarifa. Mtu anapatikana Detroit au Chicago ana jina jipya, mara nyingine na mke mpya. Wengine walipelekwa mahakamani, wengine wakakubali kutuma matunzo, na wapo waliokalishwa chini na mke wakaulizwa kilichowakimbiza ni nini hasa. Hapo kwenye kukalishwa chini ndipo ushauri nasaha wa familia ulipoanza kukua. Baadae serikali ya Marekani ilipobeba yenyewe sehemu kubwa ya misaada ya fedha, hasa baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, vyama hivi vikapata nafasi ya kujikita kwenye ushauri, na majina ya zamani ya misaada kwa maskini yakaanza kubadilika kua huduma za familia.

Sasa mtu atauliza, kaunsela si ni kaunsela tu, ya nini awe wa Kiyahudi? Jibu lake ni kwamba mteja akishaumia hatakiwi tena aanze kumfundisha kaunsela maisha ya kwao yakoje. Chukua msiba. Wayahudi wana matanga ya siku saba, wafiwa wanakaa nyumbani kwenye viti vifupi, vioo vinafunikwa, na desturi inasema mgeni asianze kuongea mpaka mfiwa mwenyewe afungue mdomo. Mtu asiyejua atampigia mfiwa siku ya tatu kumpangia miadi ofisini, au atakuja na maneno mengi ya kufariji, kumbe wenzie wamekaa kimya kwa makusudi.

Au chukua ndoa. Kwa Myahudi anayeshika dini, hati ya talaka ya mahakama ya serikali haitoshi, lazima mume atoe talaka ya kidini inayoitwa get, na bila hiyo mwanamke anabaki ananing'inia, hana mume na hawezi kuolewa. Kuna wanaume wanaitumia hiyo kama rungu, toa nyumba ndo nikupe, acha kudai watoto ndo nikupe. Jimbo la New York lilitunga hadi sheria mwaka 1983 kupunguza mchezo huo. Mwanamke wa namna hiyo akienda kwa mtu asiyejua hilo ataambiwa dada si umeshaachika, endelea na maisha, na hilo jibu linaumiza kuliko kunyamaziwa. Kaunsela anayejua atafanya kazi na mwanasheria huku na marabi huku, wakati anamshika mkono mama wa watu asivunjike.

Kuna na suala la aibu, na hapa Waswahili tutaelewana haraka. Kwenye jamii za Wayahudi wanaoshika dini sana ndoa nyingi zinapitia kwa washenga, familia inachunguzwa, na ikijulikana kwamba kaka ana ugonjwa wa akili dada zake watatu wanaweza kukosa posa. Kwahiyo watu wanaficha, mgonjwa anakaa ndani miaka. Ndo sababu usiri kwenye huduma hizi siyo mapambo, bila huo usiri hakuna atakayekuja. Hata chakula kinapelekwa hivohivo, kuna vikundi vinavyojiita Tomchei Shabbos ambavyo kabla ya Sabato kuingia vinapitisha maboksi usiku, kuku, mikate, divai ya zabibu, samaki, boksi linaachwa mlangoni na aliyeleta anaondoka bila kuonana na mwenye nyumba, ili kesho wakikutana barabarani pasiwe na wa kuinamisha macho. Mfano mwingine ni Dor Yeshorim, ilianzishwa 1983 na rabi Josef Ekstein aliyezika watoto wanne kwa ugonjwa wa kurithi wa Tay-Sachs. Vijana wanapimwa damu, kila mmoja anapewa namba bila kuambiwa amebeba ugonjwa gani wa kurithi, alafu posa ikianza namba mbili zinalinganishwa na familia inajibiwa kama wanafaa au hawafai. Nikifikiria siko seli inavyomaliza watoto kwetu, huo utaratibu natamani sana watu wa afya wautazame.

Ila pahala ambapo utaalamu huu unaonekana wazi zaidi ni kwa wazee walionusurika mauaji ya Hitler. Waliobaki hai leo wengi walikua watoto au vijana wadogo wakati ule, na mashirika haya yanawapa watu wa kuwatunza nyumbani, kwa pesa ambazo kwa sehemu kubwa zinapitia Claims Conference, chombo kilichoundwa 1951 kudai fidia Ujerumani. Mhudumu hafiki tu na kuanza kazi, anafundishwa kwanza. Bafu la maji ya kumwagika kutoka juu linaweza kumrudisha mzee kimawazo kwenye kambi za Hitler, kwahiyo anaulizwa kwanza, anafunguliwa maji ayaone na ayaguse kwa mkono, au anaogeshwa kwa taulo. Ukikuta vipande vya mkate chini ya mto usivitupe na usimgombeze, aliwahi kushinda na njaa. Sare, foleni, mbwa anayebweka, daktari mwenye koti jeupe anayetoa amri, vyote hivyo mhudumu anafundishwa kuviangalia. Na akili ikianza kusahau uzeeni ya jana yanafutika, ya mwaka 1944 yanabaki, kwahiyo hofu inazidi badala ya kupungua. Njia hizi zinawafaa na watu wengine waliopitia vita, na nadhani sisi wa ukanda wa Maziwa Makuu tunajua tunaongelea nini.

Turudi kwa Mkongomani. Shirika la HIAS lilianzia New York kwa ajili ya wahamiaji wa Kiyahudi, baadae likapanua mikono kwa wakimbizi wa dini zote, na kwenye miji mingi waliokua wanawapokea kwa niaba yake ni haya mashirika ya familia, ndo maana familia za kutoka Kivu zimejikuta Pittsburgh, Buffalo au Springfield huko Massachusetts, zikipokelewa airport na mtu wa Jewish Family Service. Mpango wa serikali ya Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye chuki aliingia sinagogi la Tree of Life Pittsburgh akaua watu 11, na alikua ameshaandika mtandaoni kwamba hasira yake ni HIAS kuleta wageni. Yaani waliuliwa kwa sababu ya kupokea watu kama sisi. Shirika la familia la mji huo likawa mstari wa mbele kwenye ushauri kwa waliojeruhiwa na waliofiwa, na mwaka uliofuata kikaanzishwa kituo maalum cha kuendeleza kazi hiyo. Na HIAS ilianza kazi Nairobi mwaka 2002, wakimbizi wengi wa mjini wamepata ushauri nasaha kwao, kwahiyo kwa baadhi yetu hawa siyo wageni kabisa.

Ukitaka huduma huulizwi unasali wapi. Ada kwenye ofisi nyingi inapangwa kufuatana na kipato chako, na mengine yana mfuko wa wasio na kitu kabisa. Unachoongea kinabaki humo, isipokua kuna mtoto anayeumizwa au mtu yuko hatarini, hapo sheria inamlazimisha kaunsela atoe taarifa na vizuri ujue mapema. Na simu ya kwanza kabisa sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, useme ni Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania, wamtafute wao, usimchukue mwanao wa darasa la sita akutafsirie mambo ya ndoa yako.