Penseli, udongo na hadithi: tunayodanganyana waandishi

Mwandishi wa hadithi akikutwa anafinyanga au anachora, watu husema kuandika kumemshinda. Hapa Mbeya nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na walioniambia wengine ni waandishi wenzangu.

Dhana: Kama hujui kuchora, usijisumbue.

Mchoro wa mwandishi si wa kutundika ukutani. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, mwandishi Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa kisichokuwepo, akaipaka rangi. Humo ndimo ilimozaliwa riwaya yake, Treasure Island. Baadaye ramani ikapotea ilipotumwa kwa wachapishaji, ikabidi achore nyingine kwa kufuata maandishi yake mwenyewe, na alikiri kwamba ile ya pili hakuiona tena kuwa ndicho kisiwa chake.

Mimi nachora kama mtoto wa chekechea. Lakini nilipouchora mtaa wa hadithi yangu kwenye daftari la mistari, niligundua kwamba binti yule hawezi kufika kisimani bila kupita mlangoni kwa mama mkwe wake. Kurasa arobaini nilikuwa nimeandika bila kuliona hilo! Ugomvi niliokuwa nautafuta ulikuwa pale njiani, na ndoo juu.

Dhana: Kazi ya mikono humpa mwandishi mandhari tu.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Kyela, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, wakavisugua kwa kokoto laini hadi ving'ae. Ukiwatazama kwa mbali utaandika "ziwa lilimetameta". Ukishika udongo mwenyewe utaandika mengine.

Chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni. Ilikuwa Machi, mvua haijakatika, nami nilikuwa na haraka. Udongo ulikauka nje tu, na maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke yakakosa pa kutokea. Cha pili kilitoka kizima, nikafurahi. Mama aliyekuwa akinifundisha akachukua chake, akakigonga kwa kifundo cha kidole: ngaa! Akagonga changu: bu.

"Hiki nacho kimekufa, mwanangu. Ufa uko ndani."

Wakati huo nilikuwa na mhusika, mchuuzi wa vyungu, ambaye kila baada ya ukurasa nilimwita mwongo. Nikalifuta neno hilo lote. Sasa mteja akinyoosha kidole agonge, mchuuzi anakikumbatia chungu kifuani na kuanza kusifia rangi yake.

Dhana: Ukishika udongo, hadithi inakuja yenyewe.

Haiji. Siku nyingi utaambulia kucha chafu. Kinachosaidia ni kuandika jioni ileile kile mkono ulichokutana nacho: uzito, harufu, mahali ulipokosea. Ukingoja kesho utabaki na "ilikuwa nzuri".

Dhana: Vifaa ni ghali.

Penseli, kisu, magazeti ya zamani na gundi ya unga wa ngano. Tuendelee.

Dhana: Hobi hizi ni njia ya kukwepa kuandika.

Hapa sibishani sana, maana mara nyingine ni kweli. Nilirudi kutoka Iringa na fungu la milulu, ile nyasi wanayosukia vikapu akina mama wa Kihehe, nikiwa na azma ya kujifunza mkono wa mhusika wangu ambaye ni msusi. Siku ya kwanza nilijifunza kweli: vidole huuma kwenye viungo kabla ya ncha, na msusi haangalii anachosuka, anamwangalia anayezungumza naye. Hilo lilinipa sura nzima. Wiki tatu zilizofuata nilikuwa nasuka tu, na mwisho wa hadithi unanisubiri.

Siku hizi kikapu nimekihamishia chumba cha nyuma. Nikitaka kukifuata, lazima nipite mezani kwanza.