Je, wajua mkaguzi anaweza kutoa hati safi huku akijua hesabu zina makosa?

Wengi wetu tukisikia kampuni imepata hati safi, tunadhani vitabu vyake vimenyooka hadi senti ya mwisho. Sivyo. Mkaguzi anapotia saini, mara nyingi analo jedwali la makosa aliyoyabaini na ambayo mteja hakuyarekebisha.

Kabla ya kazi huweka kikomo: kosa likivuka hapo, msomaji wa hesabu anaweza kupotoka. Wengi huanzia asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Kwa kampuni yenye faida ya shilingi milioni 400, hiyo ni milioni 20. Huweka pia kiwango cha chini, tuseme milioni 1, ambacho kosa lisipokifikia halimshughulishi.

Kazi iko katikati hapo. Ankara ya umeme ya Desemba, milioni 6, imeingizwa Januari: anaiandika. Ghalani kuna mifuko ya saruji iliyoganda, milioni 9, bado inahesabiwa kuwa mizima: anaandika. Deni la mteja aliyekwisha kufunga duka, milioni 7: anaandika. Kila kosa peke yake liko chini ya kikomo. Yakijumlishwa ni milioni 22, na kikomo kimevukwa.

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 450, kinamtaka aiombe menejimenti isahihishe yote aliyoyakusanya. Wakikataa, aulize sababu, aipelekee bodi orodha, kisha apewe barua ambamo menejimenti yenyewe inakiri kwamba yaliyoachwa, kwa maoni yake, hayana uzito. Mimi naithamini sana barua hiyo, maana baadaye hakuna atakayesema hakujua.

Lakini udogo wa tarakimu si kinga. Mwaka 1999 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilionya kwamba hata kosa lililo chini ya asilimia 5 laweza kuwa zito, kama linageuza hasara kuwa faida, linawapatia wakubwa bonasi, au linaficha kuvunjwa kwa masharti ya mkopo.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, inaonyesha hatari yenyewe. Kwa hesabu za 1997, wakaguzi wake Arthur Andersen walipendekeza masahihisho ya dola milioni 51. Enron ikakataa, nao wakaridhia kuwa si mazito, kwa kupima na faida ya mwaka wa kawaida badala ya ile ya mwaka wenyewe. Faida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa dola milioni 105. Novemba 2001 Enron ilizirudia hesabu hizo, milioni 51 zikiwemo, na mwezi uliofuata ikafilisika.