Ligi ya Vijana Mtaani: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kila msimu, wiki mbili kabla ya kipyenga cha kwanza, huwa nakaa kwenye meza ya usajili ya ligi ya vijana ya mtaa wetu, Temeke, nikipokea orodha za timu, picha ndogo za wachezaji na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mezani hapo ndipo nimesikia karibu dhana zote potofu zinazozunguka ligi hizi, nyingine zikitoka kwa wazazi wenye wasiwasi wa haki, nyingine kwa makocha waliopaswa kujua zaidi. Ninaziandika kwa sababu kila moja, ikiachwa bila kujibiwa, humgharimu mtoto kitu: nafasi ya kucheza, afya yake, au miaka kadhaa ya maisha yake.

“Akishaingia ligi, masomo ndiyo basi”

Mechi zetu huchezwa Jumamosi na Jumapili, na mazoezi hufanyika jioni mara mbili kwa wiki. Shule zenyewe zinautambua mchezo huu. Ndiyo maana kuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kinachoharibu masomo ni mazoezi yasiyo na saa ya kuanza wala ya kumalizika, na dawa yake ni mzazi kumwomba kocha ratiba ya maandishi kabla ya kutia saini fomu. Kocha asiyeweza kuitoa ratiba hiyo hajajiandaa kulea watoto.

“Kupunguza miaka miwili hakumdhuru mtu”

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Msimu mmoja kocha aliniletea cheti ambacho tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, kisha ikaandikwa upya kwa wino uliokoza kuliko ule wa awali. Nilipokiinua kwenye mwanga, karatasi mahali pale ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kijana mwenyewe alisimama nyuma ya kocha wake, macho yameganda kwenye viatu. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa wembe ule hakuushika yeye.

Wanaodhurika ni wengi. Yupo mtoto wa miaka 12 anayekabwa na kijana wa miaka 15 mwenye uzito na kasi isiyo ya rika lake, na yupo yule wa umri halali aliyekosa nafasi kwenye orodha kwa sababu kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, ameichukua. Yupo pia kijeba mwenyewe, ambaye jina lake na tarehe ya uongo vitamfuata kila mahali atakaposajiliwa, hadi siku karatasi mbili zitakapokutana na kupingana. Dar es Salaam tuliyaona haya kwa macho: fainali za vijana wa Afrika walio chini ya miaka 17 zilichezwa hapa Aprili 2019, Guinea ikafika fainali, kisha ikabainika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wamesajiliwa kwa tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia katika mashindano mengine yaliyotangulia huko Japani. Guinea iliondolewa, na nafasi yake katika Kombe la Dunia la vijana nchini Brazil ikapewa Senegal. Wenzao waliosema kweli kuhusu umri wao walibaki nyumbani pamoja nao. Tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikitumia pia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha kifundo cha mkono kwa wavulana wa rika hilo, kuangalia kama mifupa imekwisha kuungana, dalili kwamba mtu ameshavuka umri huo, kwa hiyo hata karatasi iliyoghushiwa kwa ustadi haina uhakika wa kufika mbali.

Hata hivyo, lazima niseme upande wa pili kwa mkazo uleule. Umbo kubwa si ushahidi. Wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana sana kwa kimo wanapokuwa na miaka 13, kwa sababu balehe haiwafikii wote kwa wakati mmoja, na nimeona watoto wakizomewa “kijeba” na watu wazima hadi wakalia, ilhali vyeti vyao vilikuwa halali. Mwenye shaka awasilishe rufaa kwa kamati. Kumpigia mtoto kelele kutoka pembeni mwa uwanja si uchunguzi.

“Mchangani hakuna sheria”

Sheria 17 za mpira wa miguu ndizo hizohizo, isipokuwa kwamba waandaaji wa mashindano ya vijana wanaruhusiwa kupunguza ukubwa wa uwanja, upana wa goli, uzito wa mpira na muda wa mchezo. Katika ligi yetu, walio chini ya miaka 12 hutumia mpira namba 4, ulio mdogo, badala ya namba 5 wa watu wazima, na hucheza dakika 25 kila kipindi. Kinga za ugoko ni lazima kwa wote. Mwamuzi akimtoa mchezaji asiyenazo, hajaonea mtu. Hereni na bangili huvuliwa, na kuzifunika kwa plasta hakukubaliki. Timu ikichezesha mamluki, yaani mchezaji ambaye hayumo kwenye orodha iliyoidhinishwa, mpinzani anaweza kupewa pointi 3 za mezani, mradi rufaa yake iwe ya maandishi na ifike ndani ya muda uliowekwa. Timu nyingi hupoteza haki yao si kwa kukosa ushahidi bali kwa kuchelewa, basi kapteni na kocha waisome kanuni hiyo kabla ya mechi ya kwanza.

Wala msimamo wa ligi si lazima uhesabu magoli peke yake. Huko Mathare, Nairobi, chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa mwaka 1987 kilijenga ligi ambamo timu hupata pointi pia kwa kushiriki kusafisha mtaa. Ninatamani tungeliiga jambo hilo hapa kwetu, ambako mitaro inayozunguka uwanja hujaa taka kila masika.

“Mmwagie maji, ataendelea”

Nakumbuka beki mdogo aliyegongana vichwa na mwenzake wakati wa kona. Alikaa chini kidogo, akamwagiwa maji ya kwenye chupa, akainuka, na watu wakampigia makofi. Dakika chache baadaye aliniuliza tunacheza na nani. Nikamjibu. Akauliza tena, kwa maneno yaleyale.

Watu wengi huamini kwamba asiyezimia hajaumia. Ukweli ni kwamba ubongo unaweza kutikisika bila mtu kupoteza fahamu hata kidogo, na dalili zake ni kama hizo: kurudiarudia swali, kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, macho kuona ukungu, au kukimbia kama mtu aliyepotea. Mchezaji mwenye dalili mojawapo atolewe na asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yuko sawa, kwa sababu pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akizidi kusinzia au mboni za macho yake zikitofautiana ukubwa, apelekwe hospitali mara moja. Maji huondoa joto na vumbi, ubongo hayaufikii.

“Ukianzia benchi hutacheza”

Kanuni za mashindano ya vijana zinaweza kuruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi tena uwanjani, na ligi nyingi za watoto hufanya hivyo makusudi ili kila mmoja apate dakika zake. Mzazi aulize jambo hili siku ya usajili.

“Ligi ni ya wavulana”

Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Wasichana wa mtaani kwetu wanaouliza fomu wasielekezwe kwenye netiboli kwanza. Wanahitaji mahali pa kubadilishia nguo penye mlango, mwanamke mmoja kwenye benchi la ufundi, na mechi zinazoisha kabla ya giza kuingia.

“Wakala akija, usimcheleweshe mtoto”

Hapa ndipo familia hupoteza fedha, na mara nyingine hupoteza mtoto. Mtu asiyejulikana huja pembeni mwa uwanja, humsifu kijana wa miaka 15, kisha huomba fedha za pasipoti na viza kwa ajili ya timu ya Ulaya. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika mazingira machache, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusiana na mpira. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na hawezi kumfuata mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Aliye chini ya miaka 18 hawezi hata kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3.

Mbwana Samatta, mshambuliaji aliye kijana wa Mbagala ambaye kila mtu humtaja mfano, alipita klabu za African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 akiwa tayari ametimiza miaka 18, na Genk ya Ubelgiji akaifikia mwaka 2016 akiwa na 23. Hakuna hatua iliyorukwa. Basi mzazi asitie saini karatasi yoyote uwanjani wala asitoe fedha siku hiyohiyo. Aichukue karatasi nyumbani, aisome kwa utulivu, ampelekee jina la wakala katibu wa chama cha mpira cha wilaya ili leseni ikaguliwe, na cheti halisi cha kuzaliwa cha mtoto kibaki mikononi mwake.