Mombasa haikuogopa, Dar haikubisha: dhana potofu kuhusu manunuzi ya sikukuu za korona

Kila Ramadhani inapokaribia, na tena Novemba ikianza, wafanyabiashara wa nguo na viatu hufungua madaftari ya zamani ili wapange mzigo. Wakifika ukurasa wa 2020 huanza maelezo yaliyokwisha kuchosha masikio: Mombasa waliogopa, Dar walibisha, bara hawakuwa na hela, vijana wote walihamia mtandaoni. Baya zaidi, huagiza mzigo kwa kufuata maelezo hayo hayo, na hela inalala rafuni. Tuanze na lile linaloudhi kuliko yote.

"Watu wa Mombasa waliogopa, wa Dar wabishi, ndiyo maana Idi zao zilitofautiana"

Sivyo. Mtoto wa Tanga anataka nguo mpya asubuhi ya Idi kama anavyoitaka mtoto wa Kwale, na mama zao wanapika pilau ile ile. Kilichotofautiana ni saa za kununua.

Chukua Idi el-Fitri ya 2020, Jumapili tarehe 24 Mei. Kenya ilikuwa kwenye kafyu tangu 27 Machi, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa: malori ya mizigo yanapita, abiria hapana. Tanzania ilifunga shule na kusimamisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia 12 Aprili hadi 18 Mei, lakini hapakuwa na kafyu, miji haikufungwa, na masoko yaliachwa wazi.

Sasa iweke hali hiyo juu ya ratiba ya mfungaji. Nguo za Idi hazinunuliwi saa nane mchana, mtu ana kiu na jua linamchoma utosini. Zinanunuliwa kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, ile swala ya usiku. Duka la nguo siku hizo hufunguliwa saa tatu asubuhi, likafungwa kwa ajili ya futari, likafunguliwa tena saa tatu usiku hadi saa sita au zaidi. Anayeingia mchana mara nyingi yuko peke yake, anauliza bei, anapapasa kitambaa, anaondoka. Anayeingia usiku amekuja na watoto watatu, wanajaribu viatu hapo hapo, na hela anayo mfukoni.

Mombasa, mwezi wa Mei, Magharibi inaingia saa kumi na mbili na robo hivi. Kafyu ilikuwa saa moja. Ni dakika 45 za kufuturu, kuswali na kuwa ndani. Muuzaji naye akiwa anakaa Likoni ilimbidi awahi feri, kwa hiyo duka lilianza kufungwa saa kumi na nusu. Ukihesabu kwa mkono mtupu utasema duka lilipoteza saa nne na nusu tu kati ya kumi na mbili. Kumbe zilizopotea ndizo zinazouza. Zilizobaki ni za kuuliza bei. Kariakoo haikupokonywa saa hizo. Mtu anayeiita tofauti hiyo "ubishi wa Wabongo" hajawahi kukaa nyuma ya kaunta usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani.

Halafu kuna Eastleigh. Tarehe 6 Mei, siku 18 kabla ya Idi, serikali ya Kenya ilizuia kuingia na kutoka Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa, na maduka makubwa ya humo yakafungwa. Eastleigh ndiko wauza nguo wa Garissa, Isiolo na Malindi wanakochukua mzigo wa jumla. Lori liliruhusiwa kusafiri, lakini stoo ya kupakia ilikuwa na kufuli. Kwa hiyo hata mji ambao haukufungwa ulikosa saizi. Mteja alikuwepo, gauni la miaka sita halikuwepo, na daftari likaandika "biashara mbaya".

Dar nayo ilikuwa na pengo la mzigo, ingawa watu walijaa. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia 25 Januari 2020, na viwanda vya Uchina vilivyofungwa kwa likizo vikachelewa kufunguliwa kwa sababu ya ugonjwa. Meli kutoka kusini mwa Uchina hadi Mombasa au Dar huchukua takriban mwezi, ongeza wiki moja au mbili za kutoa kontena bandarini. Mzigo uliopaswa kupakiwa Februari ndio ungekuwa wa Idi ya Mei. Haukupakiwa.

Kwa hiyo kama daftari lako la Kenya lina jumla moja tu ya Idi ya 2020, chana ukurasa huo. Tumia 2019 na 2022. Idi el-Fitri ya 2021 ni nusu ushahidi: kafyu ya Mombasa ilikuwa saa nne usiku, tarawehe inamalizika karibu na saa tatu, ikabaki saa moja tu ya kuuza. Kafyu yenyewe iliondolewa 20 Oktoba 2021. Na kuanzia sasa gawa mauzo ya kila siku ya Ramadhani mara tatu: kabla ya Alasiri, Alasiri hadi Magharibi, baada ya Isha. Ni mistari mitatu tu ya kalamu, na hutabishana tena kuhusu tabia za watu.

Ikitokea tena usiku ukafungwa, dawa si kupunguza bei. Pima watoto mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia. Mteja wa kila mwaka mpigie simu, andika urefu wa kila mtoto na namba ya kiatu, chukua arubuni, funga furushi la familia nzima lenye jina lake, naye aje kulichukua asubuhi akiwa peke yake. Ukingoja aje na watoto wake kumi la mwisho, umemngoja katika saa ambazo hazipo. Na mzigo uwe umeshaingia mjini wiki tatu kabla, kwa sababu amri za kufunga mji haziji na ilani ya mwezi.

"Krismasi ya 2020 watu wa bara hawakuwa na hela"

Ni kweli wengi walipoteza kazi, hilo halina ubishi. Ila wauza magauni ya Krismasi wa Kenya waliokuta rafu zimejaa Januari wanasahau kutazama duka la jirani: la sare za shule.

Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020. Darasa la nne (Gredi 4), la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba. Waliobaki wote walipangiwa 4 Januari 2021. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka sentimita tano hadi sita kwa mwaka. Miezi tisa nyumbani ni sentimita nne au zaidi: suruali imepanda juu ya kifundo, kiatu kimebana vidole. Mzazi wa watoto watatu alikabiliwa na sare tatu kamili kwa mkupuo, sare ambazo mwaka wa kawaida hununuliwa vipande vipande, shati leo, sweta muhula ujao. Hela ya gauni ilikwenda huko.

Tanzania haikuwa hivyo, kwa sababu shule zake zilikuwa zimefunguliwa zote kufikia 29 Juni 2020, na Desemba ikawa Desemba ya siku zote. Mabasi ya Moshi yalijaa, Wachagga wakarudi kwao kama kawaida, nguo zikanunuliwa Dar na mbuzi akanunuliwa kijijini. Uganda ni kinyume kabisa: wanafunzi wengi hawakurudi kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Kwa hiyo sikukuu iliyomezwa na sare kule ni ya Desemba 2021. Mfanyabiashara wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, anayeuzia pande zote mbili akichanganya miaka hiyo miwili atapata wastani usioelezea upande wowote.

Kwa Kenya, jumlisha na nauli. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane hadi Agosti 2021. Ili mwenye gari apate makusanyo yale yale, nauli ya shilingi 1,000 inabidi iwe 1,750. Familia ya watu watano, kwenda na kurudi, inalipa 7,500 zaidi kabla hata haijanunua soda. Makonda wengi walijaza viti penye barabara isiyo na askari, lakini bei iliyopandishwa haikushushwa.

"Wote walihamia mtandaoni"

Walihamia kwenye simu, ambalo ni jambo jingine. Tovuti yenye kikapu na kadi ya benki haikuwa na maana kwa muuza baibui. Kilichouza ni picha kwenye hali (status) ya WhatsApp, malipo kwa simu, na bodaboda aliyelazimika kufika kwake kabla ya kafyu. Oda iliyoingia baada ya saa kumi jioni ilikuwa ya kesho, na asiyesema hivyo waziwazi kwenye picha aligombana na wateja mwezi mzima.

Kuna bidhaa zinazouzika kwa simu na zisizouzika. Kanzu na baibui zinauzika kwa sababu namba yake, 52, 54, 56 hadi 62, ni urefu wa inchi: mteja anapima toka begani penye shina la shingo hadi kwenye kifundo cha mguu, anakutumia namba, mambo yamekwisha. Dera halina hata haja ya namba. Viatu vya watoto ni balaa. Namba 30 ya kiwanda hiki si 30 ya kile, vinarudi, na bodaboda unamlipa mara mbili. Ukilazimika kuviuza hivyo, mwambie mteja asimamishe mtoto juu ya karatasi, achore unyayo, apime kwa sentimita kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, aongeze moja. Namba asikutumie.

Na usihesabu miamala ukadhani umehesabu wateja. Kutuma M-Pesa ya Kenya hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Desemba. Mteja wa kanzu ya 3,000 aliweza kutuma mara tatu akaepuka makato. Kutoa hela kwa wakala hakukuwa bure, ndiyo maana nyingi zilibaki ndani ya simu zikazunguka humo humo.

Mengine kwa ufupi

"VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Kenya iliposhuka, nguo za Krismasi zilipaswa kuwa rahisi." Ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, Aprili hadi Desemba 2020. Kitu cha 1,160 kinakuwa 1,140. Tena ni kwa muuzaji aliyesajiliwa VAT. Kibanda cha mitumba hakimo.

"Kariakoo ya Desemba 2021 iliuawa na korona." Jengo la soko liliungua 10 Julai 2021, tozo za miamala ya simu zikaanza 15 Julai, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, na Oktoba machinga wakaondolewa barabarani. Korona imebebeshwa mzigo wa watu wengine.

"Ndugu wa Ghuba hawakununua chochote." Saudi Arabia iliweka marufuku ya kutoka nje saa 24 kuanzia 23 hadi 27 Mei 2020, Idi yote, manunuzi yalimalizwa kabla. Oman ilipiga marufuku habta, magulio ya mifugo na vikorokoro ya kabla ya Idi. Kwa Idi ya kuchinja, 31 Julai 2020, ilifunga mikoa yote kuanzia 25 Julai hadi 8 Agosti na kuzuia watu kutoka nje kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Aliyekuwa akimwagizia shangazi yake wa Muscat amletee mabaibui ya kuuza alipaswa kuyapata kabla ya tarehe 25. Na waliokuwa wakichukua mzigo Jeddah walikuta VAT imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15 tangu 1 Julai, kwa hiyo bei ya jumla ya Juni haikuwa na kazi tena hata kwa wiki moja.