"Nikiuma yanakaa, nikitafuna yanaruka"

Huyo ni mama wa juzi; alikuja na meno yake ya bandia ameyafunga kwenye leso. Aliyemtengenezea alimwambia anunue gundi. Huyu ni wa tatu mwezi huu, nami uvumilivu umeniishia.

Jamani, taya halifunguki kama mlango kwenye bawaba! Weka kidole mbele kidogo ya sikio, ufungue mdomo taratibu. Mwanzoni kichwa cha taya kinazunguka palepale. Ukizidi kupanua, utakisikia kinateleza mbele na chini, kwenye mteremko wa mfupa ambao kila mtu ana wake.

Kwa mbele kuna mteremko mwingine, upande wa ndani wa meno ya juu. Kama meno yako ya juu yanafunika sana ya chini, huwezi kusogeza taya mbele bila kulishusha kwanza. Yakikutana ncha kwa ncha, taya linatoka kama droo. Magego yamekwama katikati ya miteremko hiyo miwili. Daktari wa meno Christensen alilieleza hili mwaka 1905: taya likienda mbele, magego ya nyuma yanaachana. Kwa meno ya kuzaliwa hakuna shida. Kwa meno ya bandia, uzito wote unabaki mbele na sahani, yaani kitako kinachobeba meno hayo, inanyanyuka nyuma. Hapo gundi itafanya nini? Magego yapangwe kwa mkunjo, au meno ya mbele yasifunikane sana; na vilele vikali vya magego vinavyosukuma sahani vipunguzwe.

Halafu kuna hizi nyuzi 30 za mteremko wa taya. Atikuleta, kifaa cha kuiga mwendo wa taya, inafungwa hapo kwa kila mgonjwa, awe bibi au kijana. Nami nafanya hivyo mara nyingi, nikiri. Nimewahi kupima mteremko wa mtu mmoja kwa kumng'atisha nta mara mbili asubuhi ileile, nikapata namba mbili zisizofanana. Kwa hiyo sigombani na 30. Nagombana na anayeiamini kiasi cha kutojaribu mdomoni. Karatasi ya rangi, inayoonyesha meno yanapogusana, si ya kugonga tak-tak tu. Msagishe mgonjwa kulia, kushoto, mbele. Hata jino la kuziba ni hivyohivyo.

Kuhusu taya kutoa mlio au kuuma, ushahidi kwamba pembe ya meno ndiyo chanzo ni dhaifu. Zamani nilikuwa nayasaga meno mazima kwa sababu hiyo. Nimeacha.

Yule mama nilimpunguzia vilele. Magego mawili ya mwisho ya chini, yaliyopangwa pale ufizi unapoanza kupanda, niliyang'oa kabisa kwenye sahani. Hajayaulizia.