Kumnunia Mungu

Mama mmoja alikuja kwangu kwa sababu ya usingizi. Kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, kandambili safi, rozari imezungushwa kiganjani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia kwamba tangu mwezi wa nne anaamka saa nane usiku na hapati tena hata lepe. Nikamuuliza kama anasali. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anaoga.

"Nasali kila siku, mwanangu. Ila hatuongei."

Binti yake wa mwisho alifariki siku mbili baada ya kujifungua. Mjukuu yupo, anakunywa maziwa ya kopo. Jumuiya haikosi, misa ya asubuhi haikosi, salamu zote za rozari anazimaliza. Lakini yale maneno yake mwenyewe, ya kumwambia Mungu akiwa anapepeta mchele au anasubiri maji yachemke, yamekauka. (Nimechanganya hapa mambo ya watu kadhaa niliowahi kukaa nao, ili asitambulike yeyote. Sentensi ile ya "hatuongei" nimeisikia zaidi ya mara moja.)

"Hatuongei" ni neno la ndoa. Ndivyo wasemavyo wanandoa wanaolala kitanda kimoja, chai inaandaliwa, nguo zinapigwa pasi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Katika fani yangu, saikolojia, tulisomeshwa kwa Kiingereza, na ilinichukua miaka kugundua kwamba lugha yangu ilikuwa na msamiati bora kuliko wa chuo: kudeka, kununa, kususa, kuzira, kubembeleza. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivyo unachoweza kukifanya peke yako. Humnunii konda wa daladala. Unagombana naye, unashuka, umeshamsahau. Unamnunia mama, mume, dada uliyeshiriki naye titi. Mtu akinuna anasema: nimeumia, na nataka uone kwamba nimeumia. Na mtoto hudeka kwa yule tu anayejua atambembeleza.

Sayansi ya jambo hili ilianza sehemu isiyo mbali nasi. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi huko. Akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya jirani, anakaa na kina mama wa Kiganda, anatazama watoto wao wachanga wanavyotambaa. Aliona kitu ambacho bibi yeyote angemwambia bure: mtoto hutambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kuangalia kama mama bado yupo, anaendelea. Akitishika anarudi mbio. Mama ni kituo cha kuondokea na kimbilio la kurudia. Kitabu chake juu ya watoto wale kilitoka 1967, na pamoja na kazi za John Bowlby wa London kikawa msingi wa nadharia nzima ya mshikamano wa mtoto na mlezi.

Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Lee Kirkpatrick na Phillip Shaver, walichapisha utafiti uliouliza: je, muumini hamfanyii Mungu vivyo hivyo? Anamkimbilia akiwa na hofu, anaondokea kwake akiwa na ujasiri, na anasononeka akihisi yuko mbali. Watunzi wa Zaburi walishalitumia neno hilohilo, kimbilio, muda mrefu kabla yetu. Tangu hapo wengine, hasa Pehr Granqvist wa Sweden, wameendelea kuchimba. Picha inayojitokeza si nyepesi. Wapo ambao Mungu wao anafanana na wazazi wao: aliyelelewa kwa upole anamwona mpole, aliyelelewa kwa fimbo anamsikia Mungu akisema kwa sauti ya baba yake. Na wapo kinyume kabisa, waliokosa mlezi wa kumtegemea, ambao siku moja wanaokoka ghafla na kumpata kwa Mungu baba ambaye hawakuwa naye. Nilipokuwa mgeni kazini nilidhani ukinisimulia baba yako nitakutajia Mungu wako. Siku hizi sithubutu.

Mara nyingi nikifika hapa mtu huniuliza: kwa hiyo unasema Mungu tumemtunga? Hapana. Kamba ya mshikamano huo ina ncha mbili, na saikolojia inaona ncha ya huku tu. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeiona dini kuwa njozi, mwaka 1927 alijaribu kusema habari za ncha ya pili, na sioni kwamba alikuwa na darubini.

Turudi kwa mtoto na mama yake. Kwenye miaka ya 1950, hospitali za Uingereza ziliruhusu wazazi kwa muda mfupi mno kuwaona watoto waliolazwa. James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alikaa wodini akitazama. Kwanza mtoto analia, anarusha vitu, anaita mama. Kisha ananyong'onyea, analia kwa kwikwi. Halafu anatulia. Anakula, anacheza, anamchekea muuguzi yeyote. Wauguzi walifurahi: amezoea! Lakini mama alipofika, mtoto yule aligeuza uso kana kwamba hamjui. Ule utulivu haukuwa kupona. Ilikuwa ni kamba kulegea.

Sasa fikiria matanga yetu. Mfiwa akipiga kelele "Mungu kwa nini mimi?", mikono kumi inamziba mdomo: usikufuru, kazi ya Mungu haina makosa. Nami nimeshaisema sentensi hiyo, tena kwa nia njema, na kuna siku ambayo mfiwa mwenyewe ataisema na itampoza. Lakini ikisemwa jeneza likiwa bado sebuleni, inamfundisha kwamba hasira yake haina pa kwenda. Baada ya arobaini anaonekana ametulia, tunasifu imani yake. Mimi yule anayelia bado hanitii wasiwasi sana. Anayenitia wasiwasi ni aliyetulia mapema.

Julie Exline, wa chuo kikuu kimoja cha Cleveland, Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza hasira ya watu kwa Mungu. Ameikuta ni ya kawaida, na wengi wenye nayo hawajaacha imani. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitenganisha mambo ambayo sisi huyafunga katika furushi moja la "kukufuru": kuhisi hasira, kumuuliza na kumlalamikia Mungu, na kumwacha. Watu waliohojiwa waliona kulalamika ni afadhali kuliko kuondoka.

Upande wa hatari upo, na siufichi. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa takriban miaka miwili wagonjwa 596 wa umri wa miaka 55 na zaidi, waliolazwa Durham, North Carolina. Waliojiona wameachwa na Mungu, au waliotilia shaka upendo wake, walikuwa katika uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika kipindi hicho, hata baada ya kuzingatia hali ya afya waliyoanza nayo. Hiyo haina maana kwamba kununa kunaua. Kwangu ina maana kwamba mtu wa namna hii asiachwe peke yake na jambo hili.

Kwa Waislamu ninaokutana nao mlango huwa mwingine. Mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa kisukari alinijibu "alhamdulillah, ni mtihani" kwa kila swali, hata nilipomuuliza kama anapenda chai. Aliyemfungua hakuwa mimi bali sheikh wake, kwa kumkumbusha Nabii Yaqub, aliyemlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na bado akasema anamshtakia Allah huzuni yake. Sheikh alisisitiza ile herufi: kumshtakia, si kumshtaki. Herufi moja inatenganisha kupeleka malalamiko kwa mtu na kumfungulia mtu kesi. Ningekuwa na uwezo ningeifundisha vyuoni.

Kuna wanaosema "Mungu ananiadhibu", na huyo sio aliyenuna. Huyo amejihukumu, na kazi yake ni ndefu. Na kama mtu hali chakula, hatoki kitandani, anataka kufa au anasikia sauti zinazomwamuru, hiyo ni hospitali kwanza, mengine baadaye.

Yule mama wa rozari sikumwambia aongeze sala. Nilimuuliza: mumeo akikosea, unamwambiaje? Akacheka, mara ya kwanza. Nikamwomba siku moja, jikoni, amwambie Mungu kwa namna hiyohiyo.

Alirudi baada ya wiki tatu, mjukuu mgongoni.

"Nilimgombeza," akasema kwa sauti ya chini, akatazama mlango. "Nikamwambia yote. Sufuria ikaungua."

"Kwa hiyo sasa mnaongea?"

"Kidogo. Bado nimenuna."