Je, wajua kwa nini wimbo mmoja huwa na wenyewe wawili?

Chukua kisa cha kawaida pale Kondele, Kisumu. Dada mmoja ametunga maneno na tuni. Rafiki yake mwenye sauti ndiye aliyeimba. Prodyusa katengeneza biti, na mjomba katoa pesa ya studio. Wimbo unashika, matatu za kwenda Busia zinaupiga kutwa, na pesa inapoanza kuingia maswali nayo yanaingia. Wimbo ni wa nani?

Kwa sheria ya Kenya, hawa wanagombea vitu viwili wakidhani ni kimoja. Kuna utungo, yaani maneno na tuni, na huo ni wa aliyeutunga hata kama hawezi kuimba hata mstari. Kisha kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mwenyewe ni aliyefanya mipango ya kurekodi. Mara nyingi ndiye aliyegharamia. Utungo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mwimbaji naye ana haki ya kulipwa kwa sauti yake, lakini kuimba hakumfanyi awe mtunzi. Bendi ya harusi kule Kakamega ikiupiga wimbo huo upya kwa ala zake yenyewe, rekodi ya mjomba haijaguswa. Kilichotumika ni utungo, na wa kudai ni yule dada.

Mtindo, kwa upande wake, hauna mwenyewe. Gitaa la muziki wa benga liliiga namna nyuzi nane za nyatiti, ala ya jadi ya Waluo, zinavyodonolewa, na hakuna ukoo unaoweza kudai chochote kwa hilo.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ina kifungu ambacho watunzi wengi wachanga hawakijui, na ndicho kinachowaumiza. Kazi ikiagizwa, haki zake huhesabiwa zimehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mwanasiasa anakuita msimu wa kampeni, anakupa noti kadhaa, anataka wimbo wenye jina lake. Au mwimbaji wa injili asiyejua kutunga anakuomba umwandikie albamu nzima. Ukipokea pesa bila makubaliano, umeuza hata kama hukutamka neno kuuza. Unabaki na haki ya kutajwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yako ikivurugwa, ila mapato yamekwenda. Kabla ya kupokea, basi, andika kwamba huyu ameruhusiwa kuutumia kwenye mikutano yake ya kampeni tu, na utungo unabaki wangu. Mistari mitatu na sahihi mbili zatosha.

Kwa wimbo uliojitungia mwenyewe bila kuagizwa, mambo ni kinyume. Kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yaliyotiwa sahihi, kwa hiyo prodyusa anayesema mlikubaliana mdomoni aonyeshe karatasi.

Huku kwetu kuna pia pakruok. Kwenye ohangla, ngoma ya dansi ya Waluo, mteja anasimama, anaitunza bendi pesa, nayo inampa nafasi ajisifu au asifiwe, yeye na rafiki zake na kijiji chao. Ni pesa taslimu usiku huohuo, na siwezi kumlaumu mwanamuziki anayelipia kodi ya nyumba kwa njia hiyo. Shida ni kwa mtunzi. Wimbo uliosukwa kwa majina ya watu wa Bondo, nani wa Eldoret au Nakuru atataka kuurudia? Maoni yangu ni kwamba majina yasiingie ndani ya beti. Acha mwanya kati ya kiitikio na ubeti, jukwaani mwanya huo ujae majina hata wimbo ufike dakika ishirini, studio uuzibe kwa gitaa. Wakongwe wa benga walibanwa na santuri ya inchi 7 isiyobeba wimbo mrefu, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Leo anayebana ni mpigaji simu anayesikia Skiza, wimbo uliowekwa badala ya mlio wa kusubiri, kwa sekunde chache kabla simu haijapokewa. Kiitikio kikichelewa, hatakisikia.

Kwa wanaotunga kwa Kiswahili, kasoro ninayoisikia zaidi ni ya mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mstari kama "nitarudi Kisumu", uzito uko kwenye ru na su. Pigo zito la ngoma likiangukia ni na ki, msikilizaji anapata sauti tamu lakini hajui umesema nini. Usianze na biti. Sema mstari kama unavyoongea sokoni, piga makofi panapojikaza penyewe, kisha tafuta tuni inayokubaliana na makofi hayo. Dholuo, lugha ya Waluo, inadai zaidi, maana ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, maana yaweza kubadilika. Ndiyo sababu tuni iliyokaa vizuri kwa Kiswahili ikibandikwa maneno ya Dholuo hivihivi, mama mzee wa Ahero atacheka mahali ulipotaka alie.

Turudi kwenye pesa. Tangu sheria irekebishwe 2022, mapato ya miito ya simu kama Skiza hugawanywa hivi: mwenye haki asipungukiwe asilimia 52, kampuni ya simu ipate 39.5, na wakala wa kati, anayepeleka wimbo kwa kampuni hiyo, 8.5. Swali ni nani ameandikishwa kwa wakala kuwa mwenye haki. Mgao wa utungo uandikwe siku ileile ya kurekodi, kabla mtu hajatoka studio: nani kaandika maneno, nani tuni, asilimia ngapi kila mmoja. Wimbo ukishavuma, kila aliyekuwepo hukumbuka alichangia.

Kusajili wimbo kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hufanyika mtandaoni. Haki huzaliwa wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, usajili hukupa ushahidi tu. Mirabaha, yaani malipo ya kutumia wimbo, ya redio, baa na matatu hukusanywa na mashirika: KAMP limekuwa la wenye rekodi, PRISK la waimbaji na wapigaji ala, na MCSK kwa miaka mingi la watunzi. Leseni zao hutolewa na KECOBO na zimekuwa zikizua kesi, kwa hiyo thibitisha huko ni shirika lipi lenye leseni mwaka huu kabla ya kutia sahihi fomu ya uanachama.